Usingoje Hamu, Mpwa Wangu

Nansio, Ukerewe
10 Agosti 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Shikamoo yako mama yako alinifikishia kwa simu, marahaba sana. Huku Nansio sote ni wazima, isipokuwa bibi yako goti linamsumbua usiku kukiwa na baridi. Anakusalimu, na anauliza utakuja lini kula ugali wa muhogo kwa sato. Nimemjibu kwamba utakuja Desemba, mtihani ukishakwisha. Usinifanye mwongo.

Mama yako ameniambia mambo mawili. La kwanza, kwenye mtihani wa moko umepata 24 za Fizikia. La pili, na hili ndilo linalomuuma zaidi, kila jioni unasema utasoma kesho, na kesho ikifika unasema vilevile. Amekuita mvivu. Dada yangu nampenda na namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Maneno ya simu huisha pamoja na vocha. Barua utaisoma leo ukiwa umenuna, na utaisoma tena siku nyingine umetulia.

Nilipokuja Mwanza mwezi wa saba nilikutazama bila kusema kitu. Mtoto mvivu hapandi mawe ya Igogo na ndoo ya maji kichwani kabla jua halijachomoza, tena bila kusukumwa. Kwa hiyo uvivu tuuweke kando. Nilichokiona jioni ni kitu kingine. Ulipanga vitabu, ukachonga penseli, ukazinakili upya noti za Historia kwa kalamu za rangi tatu na kuzipigia mistari kwa rula. Saa mbili zikapita. Daftari la Fizikia lilikuwa chini kabisa ya rundo, na chini lilibaki. Kesho yake ikawa hivyohivyo.

Mvivu huikimbia kazi yote. Wewe unaikimbia kazi moja, na unaikimbia kwa kufanya nyingine. Huo ni woga. Ukifungua Historia unakutana na unayoyajua, moyo unatulia. Ukifungua Fizikia unakutana na usiyoyajua, na kuyatazama kunauma. Ukisema "kesho", kifua kinakuwa chepesi kwa usiku ule mmoja. Lakini kesho yake mwalimu ameongeza mada, na woga nao umeongezeka. Ndivyo mtoto mwenye akili zake anavyofika Novemba na daftari asilolifungua tangu Machi.

Sasa tufanye hesabu, maana kazi yangu maisha yote ilikuwa kufundisha Hisabati. Kidato cha nne, NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hupanga alama hivi: 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Huchukuliwa masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi, na daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Historia tayari una 80. Zinakili noti zile kwa rangi zote zinazouzwa mjini, ufike hata 95: bado ni A ileile na pointi ileile moja. Saa mbili zako za kila jioni hazijakuongezea chochote. Fizikia ukiivuta kutoka 24 hadi 45, umetoka pointi 5 ukaja 3, na umepata C. Bila hiyo C usitarajie kupangiwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na bila PCB ile ndoto yako ya udaktari inaanza kuyumba.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Baina yako na C kuna alama 21, wala hazijafichwa kwenye maswali ya kuumiza kichwa. Ziko kwenye mambo ya mwanzo ya kila mada: msongamano wa maada, kanuni ya Archimedes, sheria ya Ohm, vioo na lenzi. Alama za chini huokotwa na yeyote anayekubali kuinama. Somo unalolikimbia ndilo lenye alama nyingi za kuokota, na lile unalolipenda limeshakupa zote lilizokuwa nazo.

Najua pia kwamba sehemu ya woga wako ni lugha. Hadi darasa la saba ulisoma sayansi kwa Kiswahili. Ulipoingia kidato cha kwanza ukaikuta imegeuka Kiingereza, na hakuna aliyekungoja uzoee. Nimewaona watoto wengi wakidhani hawana akili ya Fizikia, kumbe hawajaelewa swali linauliza nini. Basi fanya hivi. Shuka hadi mwaloni Kirumba, utazame mtumbwi ukipakuliwa. Ukiwa umejaa, umezama karibu na ukingo. Kila gunia linapotoka, unainuka kidogo. Jieleze kwa Kiswahili, au hata kwa Kisukuma kama bibi yako mwingine angekuuliza: maji yanayosukumwa pembeni na mtumbwi unaoelea yana uzito gani? Uzito uleule wa mtumbwi pamoja na mzigo wake. Ukishalielewa hilo, rudi nyumbani ukaliandike kwa Kiingereza cha mtihani. Utagundua kilichobaki ni maneno machache ya kujifunza, na maneno hayamtishi mtu aliyeelewa jambo.

Umemwambia mama yako kwamba unangoja hamu ikurudie. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini. Usiku huu mwezi ni mpevu hapa Ukerewe, na wavuvi wa dagaa hawajatoka. Unajua sababu: dagaa huvuliwa gizani, taa ndiyo inayomkusanya, na mbalamwezi ikitawala taa haina nguvu. Lakini nenda mwaloni asubuhi uwaone. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wanarekebisha taa. Giza likirudi, atakayevua ni yule ambaye wavu wake ni mzima. Hamu ya kusoma nayo ina siku zake za kupungua, kwako na kwa kila mwanafunzi, hata yule anayeongoza darasa. Siku hizo usijilazimishe mada mpya. Keti palepale, saa ileile, ufanye kazi ndogo: sahihisha swali ulilokosa, andika kanuni tano bila kutazama, chora mchoro mmoja wa mwanga unaopita kwenye lenzi. Usichoruhusiwa ni kuondoka mezani kwa sababu tu hujisikii.

Na nikuambie nililoliona darasani miaka na miaka: mara nyingi hamu hufuata kazi, haitangulii. Mwanafunzi anakaa amekunja uso, anafanya swali la kwanza kwa shida, la pili linakubali, la tatu analitaka mwenyewe. Ukingoja kulitamani la kwanza, hulifikii hilo la tatu. Ile ndoto ya udaktari nayo haitakuketisha. Bugando unaiona kilimani kila unapokwenda shule, na ni vizuri kuitazama. Lakini iko mbali mno na jioni ya leo. Jioni ya leo inahitaji kitu kidogo unachoweza kukimaliza kabla ya chakula cha usiku.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni mfupi. Jioni, ukishamaliza kazi za mama yako na kuoga, saa kumi na mbili kamili, keti na swali moja la Fizikia kutoka mitihani iliyopita. Moja tu. Funga daftari, ulijibu kwa kichwa chako, hata kama utaandika nusu mstari. Kisha ndipo ufungue uone ulipokosea. Ukitaka kuendelea, endelea. Usipotaka, umeshatimiza, nenda kwenye masomo mengine kwa moyo mweupe. Somo gumu litangulie kila siku. Historia iwe ya mwisho.

Kwa nini nasema ujibu kwanza ndipo usome? Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wengine waliisoma tena na tena. Wengine waliisoma, kisha wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima ndio waliobaki na kitu kichwani. Ndiyo maana noti zako za rangi zinakudanganya. Ukimaliza kuzinakili unajiona unajua, na kwa dakika tano kweli unajua. NECTA haikupimi baada ya dakika tano.

Usijipe moyo kwamba utasoma kwa zimamoto wiki ya mwisho. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio yeye mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Aliona kwamba kilichokaririwa kwa mkupuo huyeyuka haraka, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Nami sikuhitaji kitabu chake kuliamini hilo. Nimesimamia mitihani nikawaona waliokesha: wanaijua kanuni, wameikariri usiku ule, lakini mkono unatetemeka na macho yanafumba kabla ya sehemu B. Lala mapema. Imebaki miezi mitatu. Swali moja la Fizikia kila jioni linatosha kukupitisha kwenye mada zote kabla ya Novemba.

Kuhusu simu sina hotuba ndefu. Saa hiyo ya jioni mpe mama yako aishike, wala usiiweke kifudifudi karibu na daftari ukasema umeiacha. Ikiwa bando lipo, lina kazi nzuri ya kufanya: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao, bure. Pakua cha Fizikia mara moja, kisha zima data. Na siku za Jumamosi muziki wa jirani ukizidi, usigombane naye. Nenda Maktaba ya Mkoa mjini, ukae na wenye vitabu.

Diskasheni na wenzako ni nzuri pia, kwa sharti moja: kila mmoja aje na swali alilojaribu likamshinda. Mkija mikono mitupu, mtaishia kuzungumzia Simba na Yanga. Na mwalimu wako wa Fizikia mfuate. Usimwambie "sielewi Fizikia", maana hapo hana pa kuanzia. Mpelekee swali moja, mwonyeshe mstari ulipokwama. Mwalimu akiona umejaribu, hata kama amechoka, atakaa nawe. Nimekuwa mwalimu, nayajua hayo.

Kabla sijamaliza nikukumbushe mtu wa kisiwa chetu, maana mjini mnamsahau. Aniceti Kitereza alizaliwa hapa Ukerewe mwaka 1896. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya nene kwa Kikerewe kuhusu maisha ya watu wa hapa. Kwa lugha hiyo hakupata wa kuichapa. Hakuitupa kapuni. Aliketi tena, uzeeni, akaitafsiri mwenyewe yote kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka uliofuata alifariki. Kati ya kumaliza kuandika na kuchapwa ni miaka 35. Jiulize kama hamu peke yake humvusha mtu miaka kama hiyo, hana hakika kama kuna atakayesoma. Mtu wa namna hiyo amezoea kuketi na kuandika, awe na hamu au asiwe nayo. Wewe unajua mtihani ni lini, unajua pointi zinavyohesabiwa, na mwalimu yuko mlango wa pili. Huna haja ya uvumilivu wa Kitereza. Robo yake inakutosha.

Mama yako usimkasirikie kwa kunisimulia. Tangu baba yako aondoke, amekaa gengeni jua na mvua ili wewe ukae mezani. Akikuuliza jioni umesoma nini, usimjibu "nimesoma", mwonyeshe ukurasa. Hajui Fizikia, lakini anajua ukurasa ulioandikwa na ukurasa mtupu.

Nami usinijibu kwa ahadi, maana za kwako nimezisikia na najua ulizitoa kwa moyo safi. Jioni ya siku utakayopokea barua hii, fanya swali la Archimedes, upige picha ukurasa huo unitumie kwa simu ya mama yako. Ukikosea nitasahihisha kwa wino mwekundu na kukurudishia. Hiyo kazi bado naiweza, na sitakucheka. Kisha kesho yake nitumie lingine.

Mungu akulinde, akupe afya na utulivu. Msalimie mama yako na wadogo zako.

Ni mimi mjomba wako.