Neno «Safari» na Magari ya Miaka ya Sabini

Katika mambo ya magari, Kiswahili ni mkopaji mkubwa. Breki, klachi, springi na jeki tulivitwaa kwa Kiingereza. Shokomzoba tukalifinyanga hadi mwenye neno asilitambue. Hata hivyo tulitoa neno moja likazunguka dunia: safari.

Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaliyobeba jina hilo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Miaka ya sabini magari yake mengi yalikuwa ya aina iliyoonekana barabarani kila siku: Datsun, Peugeot 504, Ford Escort, Mitsubishi Lancer. Mafundi waliyakaza springi, wakayakinga injini kwa bamba la chuma, wakayaongezea taa, kisha yakaachiwa matope ya Pasaka, wakati wa masika. Kwa miaka mingi madereva wa ng'ambo walishindwa na wenyeji waliolizoea tope hilo. Mwaka 1972, mbio zilipoanzia na kuishia Dar es Salaam, Hannu Mikkola wa Ufini akawa mgeni wa kwanza kushinda, kwa Escort. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya, fundi na mshindi wa 1965, akashinda tena kwa Lancer.

Masika hayohayo yaliifunga barabara yetu ya Kilwa na Lindi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Mto ukifurika, malori yalilala ukingoni. Yakikwama, abiria walishuka, wakakata matawi ya kutandika chini ya matairi, wakasukuma. Hapakuwa na mpima saa wala kombe. Aliyekwenda Dar es Salaam aliaga majirani na kulipa madeni yake kwanza.

Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, nasi tukalipanua. Twasema «safari hii» kwa maana ya mara hii. Twamwombea aondokaye «safari njema» kwa kuwa kufika hakuna dhamana. Ng'ambo lilibakiwa na vumbi, mbio na wanyama. Sasa maana hiyo finyu inaturudia: nawasikia vijana wakisema «kwenda safari» wakikusudia mbugani tu.

Malenga wenzangu, mbuga zina waimbaji wa kutosha. Nawaomba mtunge juu ya kivuko cha Ndundu na waliolala pale wakisubiri maji yapungue, wangali hai wa kuwasimulia.