Machela au Gurudumu

Sasa ambapo macho yangu hayawezi tena kufuata mstari wa penseli juu ya ubao, na karakana niliyoiendesha kwa umri wangu mwingi karibu na soko la Arua imepangishwa vijana wa kuchomelea vyuma, wanangu wamenishika niandike habari za kazi yangu kabla hazijaniponyoka. Nami nimekubali, si kwa kuwa maisha ya seremala yana ajabu kubwa, bali kwa sababu kuna shauri moja baina yangu na marehemu ustadhi wangu ambalo halikupata kukatwa, na watu wa kulikata ni wale wanaofuga kuku.

Nilizaliwa Koboko mwaka 1958, upande wa mlima Liru, zama ambazo Koboko haikuwa wilaya wala manispaa, ila kituo kidogo ambacho wapitao kwenda Sudan na Kongo walinunua chumvi na kuulizana habari za njia. Baba yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, na kutoka kambi ya Jinja alirudi na pensheni isiyotosha na Kiswahili kilichotosha kwa nyumba nzima, kwani mama alikuwa Mkakwa, jirani zetu Walugbara, na kiungani walikaa Wanubi. Pasipo lugha hiyo tungalisalimiana kwa mikono. Nilisoma chuo cha Kurani hadi nikahitimu, nikasoma skuli hadi karo ilipokoma, kisha nikapelekwa Arua nikawe mwanafunzi wa useremala. Mintarafu ya utoto wangu, hayo yatosha.

Ustadhi wangu sitamtaja jina, maana wajukuu wake wapo na sikuwaomba ruhusa. Alikuwa mzee wa Kinubi, mfupi, mkali wa macho na mpole wa sauti, ambaye kazi yake ilikuwa milango na vitanda vya mvule, na ambaye hakuruhusu msumari wala gundi vikaribie kiungo mpaka ulimi umeingia tunduni ukiwa mkavu, na yeye mwenyewe amekishika kiungo kile kwa mikono miwili akakitikisa, akasikiliza. Kikilia, ulianza upya. Hakufoka, alikutazama tu, akakurudishia ubao, nawe ukajua kwamba chakula cha mchana siku ile kimekupita.

Ndipo zikaja zile siku ambazo wazee wa kwetu West Nile hawapendi kuzisimulia. Mwezi wa Aprili 1979 Kampala ilianguka, na mwezi wa Oktoba 1980 vita vikafika kwetu. Watu kwa maelfu, aliyekuwa na hatia na asiyekuwa nayo, wakavuka mpaka, hawa Zaire na hawa Sudan. Sisi tulishika njia ya Yei, upande wa Sudan. Ustadhi aliacha nyuma mbao za mvule alizokuwa akizikausha kwa miaka, akachukua msumeno, randa, keekee na patasi. Na mkewe, aliyekuwa na akili za maisha kuliko sote, akachukua tenga la kuku.

Banda la kwanza la kuhamishika nililopata kuliona kwa macho yangu lilizaliwa huko ugenini, tena lilizaliwa kwa dhiki. Katika kambi ya wakimbizi hapakuwa na shamba ila kipande mbele ya kibanda. Hapakuwa na mbolea, na kuku wakilazwa ndani pamoja na watoto, kama wengi walivyofanya kwa hofu ya wezi na vicheche, nyumba nzima hujaa utitiri. Ustadhi alikata mianzi, akaipasua, akafunga kichumba chenye miguu minne kilichoinuka na ardhi, mfano wa kihenge cha Walugbara, ambacho nacho huinuliwa ili unyevu na wadudu visifikie nafaka. Sakafu akaifanya ya fito zilizoachana upana wa kidole, ili mavi ya usiku yadondoke chini na wala yasikanyagwe. Kisha akapitisha pande zote mbili miti miwili mirefu iliyojitokeza mbele na nyuma. Watu wawili waliingia baina ya miti ile, wakainua kama wainuavyo mgonjwa kwenye machela, wakasogea hatua tatu, wakatua. Kila mahali banda lilipokaa siku chache, mke wa ustadhi alipanda mchicha na mahindi, na tofauti ya rangi ya majani ilionekana dhahiri hata kwa mpita njia.

Sababu zake baadaye nilizisoma, na kwa faida ya msomaji nitazitaja kwa ufupi. Kuku mmoja mkubwa hutoa kinyesi cha gramu mia na ushei kwa siku, na sehemu yake hukitoa akiwa amelala. Ukikiacha mahali pamoja hugeuka sumu, huunguza mizizi na hutoa harufu inayochoma macho ya kuku wenyewe. Ukikitawanya ni riziki ya udongo. Fauka ya hayo, ugonjwa wa kuhara damu, ambao huua vifaranga wa wanyonge, hutokana na vijidudu ambavyo mayai yake hukomaa katika takataka mbichi zenye joto kwa muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo kuku anayelala juu ya fito na kuhama kabla vijidudu havijamuwahi, amepunguziwa hatari hiyo pasipo dawa. Lakini asikudanganye mtu kwamba kuhama kunakinga kideri. Kideri hakikingwi ila kwa chanjo, tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne; nami nimeona mabanda mazuri ya mikono yangu yakibaki matupu katika kiangazi kimoja kwa kuwa mwenyewe aliona tone lile ni ghali.

Tulirejea baada ya mwaka 1986, tukaikuta Arua imepigwa na inajengwa, na kila mtu ataka mlango. Kazi ilikuwa nyingi na fedha zilikuwapo, wala hapakuwa na aliyefikiri habari za kuku isipokuwa ustadhi na mimi, jambo lililowapa mafundi wenzetu kicheko cha miaka: walituita mafundi wa matundu ya kuku. Baadhi yao wangali hai, nawasalimu.

Ama ugomvi wetu ulikuwa huu. Mama mmoja wa Koboko, mjane, alikuja kuagiza banda, akalitazama lile la machela, akauliza swali ambalo lilinikaa moyoni: watoto wakienda skuli, nani atashika upande wa pili? Ustadhi alimwambia amwite jirani. Mimi nilimwambia nitatia magurudumu. Kuanzia siku ile hadi kufa kwake, mzee yule na mimi hatukuafikiana juu ya neno hilo, ijapokuwa tuliafikiana juu ya mengine yote, tukala sahani moja na kuswali safu moja.

Hoja zake hazikuwa dhaifu, nami nitazieleza kwa insafu. Alisema kwamba gurudumu huzama katika udongo wa mwezi wa Septemba, mvua za West Nile zinapokuwa katika kilele chake. Kwamba mteremko hulichukua banda na kuku wake. Kwamba mtu akipata gurudumu huongeza uzito kwa uvivu, akitumaini gurudumu litambebea. Neno lake lilikuwa, "Mwanangu, chenye gurudumu hukaa palipo na barabara, chenye mikono hufika palipo na shamba."

Nami nilijibu kwa hisabati. Tuchukue banda la urefu wa sentimita 180 na upana wa 120, la kulaza kuku wa kienyeji ishirini, lenye uzito wa kilo 60 na mishikio iliyojitokeza mbele sentimita 60. Ukiweka magurudumu mwisho kabisa wa nyuma, mtu anayeinua mbele hubeba kilo 22 na nusu. Ukiyaingiza ndani sentimita 45 tu kutoka nyuma, hubeba kilo 14 hivi. Jerikeni ya maji ya lita 20, ambayo kila mwanamke wa Koboko huijua uzito wake kuliko anavyolijua jina langu, ina kilo 20. Basi banda lile tupu ni jepesi kuliko safari moja ya kisimani. Na kwa nini usiyaingize mpaka katikati, mizani ikae sawa? Kwa sababu kuku wakikimbilia upande mmoja, banda huinua pua likakupiga kidevuni. Robo ya urefu kutoka nyuma: hapo ndipo mahali pake, na sijaona sababu ya kuhama hapo.

Magurudumu yalikuwa ya baiskeli, kwa kuwa Arua haikosi baiskeli iliyokufa. Lakini gurudumu la baiskeli halikuumbwa kubebwa upande mmoja. Ukilichomeka nje ya banda kwa chuma kimoja, spoku zake hulegea na duara hupinda kama kigae cha chungu. Sharti likae baina ya mbao mbili, kama likaavyo ndani ya uma wa baiskeli yenyewe, na mpira wa ndani utolewe, tairi lijazwe vipande vya mpira mkuukuu, maana miiba haina huruma. Miguu ya mbele ni miwili, ya mkaratusi uliokauka, iliyopakwa oili chakavu kwa ajili ya mchwa. Usiku huzungushiwa majivu, kwa ajili ya siafu. Sakafu na kuta ni mwanzi uliokatwa kiangazi na kulazwa mtoni majuma kadhaa, utamu wake utoke, usitobolewe na wadudu. Kila ubavu una ubao mmoja wa mshazari, kwani fremu isiyo na mshazari hulala upande kwa kuvutwa, hata ingefungwa kwa misumari ya kilo nzima.

Nililipeleka banda la namna hiyo kwa yule mjane wa Koboko, na akalivuta peke yake. Ustadhi alisikia, akanyamaza. Msimu wa mvua ulipoingia akafunga safari kwenda kulitazama, akalikuta limekwama pembezoni mwa shamba la mihogo, matope yamefika nusu ya spoku. Akarudi Arua hana neno ila tabasamu, na tabasamu lile lilinichoma kuliko maneno. Nikatengeneza jingine lenye magurudumu na miti ya machela pamoja. Akalipima kwa mkono, akasema kitu chenye uzito wa vyote viwili hakina faida ya hata kimoja. Katika hilo alisema kweli.

Kuna mkulima wa Virginia, Marekani, jina lake Joel Salatin, ambaye amekuwa mashuhuri kwa vizimba vyake vya futi 10 kwa 12, kimo futi 2, visivyo na sakafu, anavyovivuta kila siku juu ya malisho. Nilipoonyeshwa picha zake nilifurahi, kisha nikasema: hana siafu. Malisho yake ni sawasawa kama mkeka, na sisi tuna vichuguu, visiki vya mihogo na nguchiro wachimbao chini ya ukingo. Kila ardhi na banda lake.

Neno hilo laiti lingalisikiwa na mhandisi mmoja aliyekuja kwetu wakati wakimbizi wa Sudan Kusini walipokuwa wakimiminika, naye akiwa na fedha za shirika ambalo sitalitaja na mchoro wa banda la mabomba ya chuma. Tulimwuliza, lina uzito gani? Alitujibu lina udhamini wa miaka kumi. Mabanda hayo yaligawiwa, yakapigwa picha, na baada ya miezi niliyatembelea: yanahitaji wanaume wanne, na wanaume wanne hawapatikani alfajiri kwa ajili ya kuku. Moja limefanywa zizi la mbuzi. Mengine yapo palepale yaliposhushwa, chini yake udongo umeoza, vifaranga wanahara damu. Banda la kuhamishika lisilohamishwa ni baya kuliko la kudumu, kwa sababu la kudumu walau hufagiliwa.

Enyi vijana mnaochomelea katika karakana yangu, siichukii mitungi yenu ya gesi wala cheche zenu. Chuma ni kizuri kwa geti. Lakini kabla hujakata bomba, muulize mwenye kuku ataliinua na nani, kisha lipeleke banda kwenye mizani ya wanunuzi wa kahawa na mihogo, zimejaa Arua, ulipime. Aibu gani? Mimi nimesimama katika foleni ya magunia nikiwa na tundu la kuku, na watu wakacheka, na nikatoka na hesabu iliyo sahihi. Na mwambie mnunuzi jambo ambalo hamna aliye radhi kumwambia: kuku hukumbuka mahali, hakumbuki nyumba. Ukilihamisha banda mbali wakiwa nje, magharibi watarudi kulala penye alama ya jana, na kicheche atawashukuru. Lihamishe usiku wamo ndani, au asubuhi kabla ya kufungua, tena hatua chache tu kwa mara moja.

Ustadhi alifariki akiwa na yakini ya machela, nami ningali na yakini ya gurudumu, isipokuwa Septemba. Wilaya ya Koboko ilitengwa na Arua mwaka 2005, Arua yenyewe ikawa jiji mwaka 2020, viwanja vimekuwa vidogo, na mwenye robo eka ndiye anayelihitaji banda hili kuliko mwenye eka kumi. Kwa hiyo shauri hili si la wazee wawili tena. Ninayo keekee ya ustadhi, na patasi zake zimekamilika. Kijana yeyote wa Arua au Koboko, wa kiume au wa kike, atakayeniletea banda la kuku ishirini, lenye uzito chini ya kilo 50, ambalo mtu mmoja ataweza kulisogeza katika matope ya Septemba mbele ya macho yangu, zana hizo ni zake.