Mficha Maradhi

Nitawasimulia mambo mawili yaliyonipata katika milima ya Masisi. La kwanza ni la kuku, la pili ni la mbwa. Katika lile la kwanza mwenye kosa ni mimi mwenyewe. Naliandika bila kuficha, kwa sababu kosa hilo, baada ya miaka, lilisaidia kumwokoa mtoto mmoja.

Nilizaliwa Walikale, kule chini msituni. Mama yangu alifuga kuku, nao walilala jikoni karibu na mafiga. Alimjua kila mmoja kwa tabia yake. Kwetu kuku ni mfuko wa fedha wenye miguu. Mgeni akija, kuku huchinjwa. Mtoto akiugua, kuku huuzwa. Wakati wa vita nimeona watu wakikimbia bila sufuria wala blanketi, lakini wamembana kuku mmoja kwapani.

Mwaka wa 2010, mwezi wa saba, nilipewa ruhusa ya kwenda kumsalimu mama. Siku hizo nilikuwa katika misheni moja ya Masisi, nikitunza bustani na banda la kuku. Siku ya kurudi, mama alinipa jogoo mwekundu mwenye kifua kipana. Njia ya kupanda kutoka Walikale hata Masisi ni mbaya. Mahali pengine nilipanda pikipiki, pengine nilikwenda kwa miguu. Jogoo wangu alisafiri siku mbili katika tenga moja pamoja na kuku wa mchuuzi. Tulifika jioni. Alikuwa mzima, tena akiwika. Nikamtia bandani usiku ule ule pamoja na kuku wetu 26.

Siku ya sita jogoo hakuwika. Alisimama pembeni, mabawa yameshuka, macho yamefumba. Mavi yake yalikuwa majimaji ya rangi ya kijani. Kesho yake kuku wengine walianza kupumua kwa shida, midomo wazi. Wengine shingo zao zilipindika, wakawa wanazunguka kama walevi. Niliwapa maji ya pilipili. Niliwapa majivu. Haikufaa kitu. Walikufa wawili, kisha watano, kisha sikuhesabu tena. Mwisho wa juma la pili walibaki 3.

Karibu na misheni alikaa mama mmoja mjane. Alikuwa na kuku 11, nao walichakura pamoja na wetu. Mimi niliona haya. Nilijisemea moyoni, “Watu watasema nini? Furere amesoma seminari, na kutunza kuku hawezi!” Basi usiku nilichukua mizoga, nikaitupa katika shamba la ndizi. Mbwa wakaikokota huku na huku. Yule mama akaniuliza, “Furere, mbona siwasikii kuku wenu?” Nikamjibu, “Nimewafungia ndani.” Nao walikuwa wamekwisha kufa.

Baada ya siku nne kuku wake wakaanza kusinzia. Juma halikuisha, wote 11 wakafa. Alikuwa amewaweka ili awauze mwezi wa tisa, alipe malipo ya shule ya mtoto wake.

Nilikwenda kwanza kwa mkubwa wangu, nikamweleza yote. Kisha nikaenda kwa yule mama. Sikupata maneno mazuri ya kusema. Nilisema tu, “Mama, niliwaona wakifa, nikakuficha.” Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, “Jogoo si neno. Hata mimi ningalimpokea zawadi ya mama yangu. Lakini ungalisema siku ya kwanza, ningaliwafunga wangu.”

Maneno hayo sikuyasahau.

Nikaenda kumtafuta mganga wa wanyama ili anifundishe. Alinieleza kwamba dalili zile ni za ugonjwa uitwao kideri, na wengine huuita mdondo. Wataalamu waliutambua katika mwaka wa 1926, kisiwani Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Unaletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kuku anaweza kuwa navyo siku kadhaa naye bado anaonekana mzima. Ndiyo sababu jogoo wangu aliwika jioni ile. Virusi hupita kwa mavi, kwa makamasi, kwa tenga, kwa viatu na kwa mizoga. Dawa ya kuuponya haipo. Pilipili haiuponyi, wala majivu hayauponyi.

Lakini kinga ipo. Profesa mmoja wa Australia, jina lake Peter Spradbrow, pamoja na wenzake, walitengeneza chanjo iitwayo I-2. Chanjo hii huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, kwa hiyo inafaa vijiji visivyo na umeme. Imetumika Tanzania, Msumbiji na nchi nyingine za Afrika. Kila kuku hutiwa tone moja katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi minne. Lakini ni lazima itiwe kabla ugonjwa haujafika. Kuku akiisha kusinzia, chanjo imechelewa.

Nilinunua vifaranga, nikawatenga, nikawachanja. Mwaka uliofuata nilimpelekea yule mama kuku 11. Kuku niliweza kuwarudisha. Lakini mtoto wake alikuwa amekosa muhula mzima wa shule, na muhula ule sikuweza kuurudisha.

Sasa nisikilizeni habari ya mbwa.

Mwaka wa 2016 tulikuwa na mbwa, jina lake Askari. Alikuwa mweusi, mwenye soksi nyeupe miguuni. Asubuhi aliwapokea wanafunzi mlangoni, na wakati wa kucheza alikimbiza mpira wa majani ya ndizi pamoja nao. Wote walimpenda, hata mimi nilimpenda. Usiku mmoja mbwa mgeni aliingia uani, wakapigana. Askari alipata jeraha shingoni. Tulimwosha, jeraha likapona, nasi tukasahau.

Majuma kadhaa yakapita. Siku moja Askari alikataa chakula. Akajificha chini ya ghala, akachukia mwanga. Sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya mbwa mwingine. Ute ulimtoka mdomoni, akauma mti, akauma ndoo. Nilijua. Hicho kilikuwa kichaa cha mbwa. Sikumgusa. Tulimsukuma kwa miti mirefu hata akaingia ghalani, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Kisha nikaingia darasani, nikauliza, “Nani ameumwa na Askari? Nani amekwaruzwa, au amelambwa penye kidonda?” Watoto walinyamaza wote. Niliwatazama mmoja mmoja. Nikakumbuka ya mwaka wa 2010, maana unyamavu ule niliujua. Basi nikaketi, nikawasimulia habari za jogoo mwekundu, za mizoga shambani, na za uongo wangu kwa yule mama. Sikuacha neno. Wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka.

Jioni mvulana mmoja wa darasa la nne alikuja nyuma ya jiko. Alifungua kitambaa mkononi. Palikuwa na alama mbili za meno, za siku mbili nyuma. “Nilinyamaza,” akasema, “ili msimwue.”

Nilichukua sabuni na maji, nikauosha mkono ule robo saa nzima, nikitazama saa yangu. Alfajiri tulipanda pikipiki, yeye, baba yake na dereva; nami nikafuata kwa pikipiki nyingine hata Goma, mwendo wa karibu kilometa 80. Huko walimpa dawa ya kinga penye kidonda na sindano ya chanjo, wakatuandikia siku za kurudi kwa sindano nyingine. Hatukukosa hata siku moja.

Njiani tulipumzika Sake. Mtoto akaniuliza, “Furere, Askari atapona?” Nilitamani kumdanganya ili afurahi. Nikamwambia, “Hapana, mwanangu. Hatapona. Lakini wewe utapona.” Alilia, nami nikamwacha alie.

Askari alikufa siku hiyo hiyo. Tuliporudi nilivaa glavu, nikamzika katika shimo refu. Watoto walipanda ua mahali pale. Mbwa yule hakuwa mbaya. Ugonjwa ulimgeuza.

Wako watu wanaosema kwamba kichaa cha mbwa ni uchawi. Si uchawi. Nacho ni virusi, navyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Katika mwaka wa 1885, tarehe 6 ya mwezi wa saba, mtoto mmoja, Joseph Meister, mwenye miaka 9, aliletwa Paris na mama yake. Mbwa alikuwa amemwuma mara nyingi. Mtaalamu Louis Pasteur akaagiza achomwe chanjo mpya, na mtoto akapona. Tangu hapo watu wengi sana wameokoka kwa njia hiyo. Lakini dalili zikiisha kuonekana katika mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo siku za kwanza ndizo siku za kuokoka, na mtoto anayenyamaza huzipoteza.

Basi, watoto, shikeni mambo haya. Kuku mgeni asiingie bandani siku anayofika. Mtengeni juma mbili, mkamtazame. Kuku mgonjwa msimpeleke sokoni, wala mzoga msiutupe. Uchomeni au uzikeni, mkaoshe mikono na viatu. Waambieni majirani siku hiyo hiyo. Mbwa na paka wapelekeni wapate chanjo ya kichaa, mganga wa wanyama anapokuja. Akikuuma mnyama, hata awe rafiki yako, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi robo saa, umwambie mkubwa, uende hospitali bila kungoja.

Mwenyezi Mungu alitukabidhi wanyama ili tuwatunze. Kumtunza mnyama si kumficha anapougua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, na kuku wa jirani wakafa. Mtoto yule alisema, na sasa ni kijana. Anafuga kuku wake mwenyewe, na kila baada ya miezi minne huwatia wote tone moja katika jicho.