Hadithi Niliyoacha Kuisimulia

Januari 2008, siku zile za ghasia za baada ya uchaguzi, vijana walipong'oa reli Kibera, nilimficha jirani yangu, mama muuza mandazi, nyumbani kwangu Gatwekera. Alilala sakafuni na watoto wake siku mbili, mabati yakigongwa kwa rungu. Kila sauti ilipouliza humu kuna nani, nilijibu kwa lugha ya nyumbani: ni mimi na watu wangu. Siku ya tatu alfajiri nikamsindikiza hadi uwanja wa Jamhuri, walikokusanyika waliofukuzwa makwao.

Tulionana tena Kawangware, nilikohamia na mikokoteni yangu ya maji. Alikuwa na kibanda. Nilipotoa pesa ya mandazi, akanisukumia mkono. "Weka pesa yako, ndugu yangu." Tangu hapo hakuwahi kuipokea.

Katiba ya 2010 ilipoleta viti vya mwakilishi wadi, nikaamua kuwania 2013. Mali yangu ilikuwa hadithi ile. Niliisimulia kwenye steji iitwayo 56, matangani, kanisani, na watu walinyamaza kusikiliza. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilikuwa imehesabu waliouawa 1,133. Kila mtu alikuwa na wake wa kumkumbuka.

Kisha wakaja wazee wa kwetu. Wakaniita mheshimiwa kabla sijapigiwa hata kura moja, na neno hilo, nakiri, liliniingia. "Mheshimiwa, ya yule mama yaache kwanza. Watasema umeuza wenzako." Hiyo "kwanza" ndiyo iliyonimaliza. Niliiacha hadithi kwenye mkutano mmoja, halafu kwenye mtaa mzima. Nilikuwa nimeapa kutogawa pesa. Nikagawa noti za mia mbili. Usiku mmoja mzee mmoja akawaita majirani zetu wa makabila mengine "madoadoa", nami nikainamia simu yangu kana kwamba kuna ujumbe.

Jumapili ya mwisho kabla ya mchujo wa chama, yule mama alikuja mkutanoni. Alikuwa amewaambia wateja wake, akawaleta wanawake kadhaa, wakasimama mbele kabisa. Nilizungumzia maji, taa za barabarani, bursari. Nilimwona akingoja. Nilipofika pale ambapo zamani ningesema "nilikuwa na jirani," nikaruka, nikaita vijana wagawe unga. Hakusubiri unga.

Tikiti sikuipata. Kesho yake asubuhi nikapita kibandani kwake, nikaomba mandazi manne, nikatoa noti ya mia kwa mazoea tu. Akaipokea, akanihesabia chenji yote.