Majipu Yanayorudi Palepale
Miaka sita yalinitoka kwapani na kwenye kinena, yakapasuka, yakarudi palepale. Zahanati nilipewa antibayotiki na kuambiwa nioge vizuri. Nioge mara ngapi jamani? Nyumbani ndiyo balaa: mume wangu akauliza kama nimemletea ugonjwa wa zinaa.

Daktari wa ngozi aliangalia makovu, akauliza yanarudi kila baada ya muda gani. Mara mbili ndani ya miezi sita, sehemu zilezile? Hidradenitisi sapurativa, akasema. Hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha. Vitundu vya vinyweleo huziba, vikapasuka kwa ndani, mwili ukavimba. Si uchafu, haiambukizi, hata kitandani.

Nikamwomba arudie, mume wangu alikuwa nje. Nilimwita.