Mwamba Wetu na Majira Yake



Wengine huandika habari za safari ndefu, jinsi walivyovuka mito na kufika miji wasiyoijua. Sisi leo twaleta habari ya safari fupi sana, yaani kutoka mlangoni petu mpaka kwenye mwamba mmoja, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini safari hiyo tumeifanya mara nyingi, na kila tulipofika tulikuta kama mahali pengine. Tena ilitugharimu debe zima la mbegu, na kwa ajili ya debe hilo twaona haifai kunyamaza.

Nyumba yetu iko Masasi, kusini mwa Tanzania. Mtu aliyefika kwetu hawezi kusahau vilima vyake. Ni mawe makubwa matupu, yamesimama peke yake juu ya nchi tambarare. Watu waliokombolewa utumwani, waliofika hapa pamoja na Askofu Steere mwaka 1876, hawakuzaliwa chini ya vilima hivi, nao iliwapasa kujifunza majira ya nchi hii kama mtoto ajifunzavyo kusoma. Sisi tulizaliwa hapa, na kwa hiyo tulidhani tunayajua. Sasa sikilizeni jinsi tulivyoyajua.

Chini ya kilima kimoja pana mwamba mpana, watu kumi waweza kuketi juu yake. Upande mmoja umesimama mbuyu wa zamani sana. Upande wa pili wateremka msitu wa miyombo, na katikati ndipo lilipo shamba letu la mahindi na mikorosho michache. Siku moja mtoto wetu alituuliza, "Baba, kiangazi huanza siku gani?" Tukamjibu maneno mengi, lakini jibu halikuwamo. Tukaona haya, maana sisi ni mwalimu. Basi tukaagana ya kuwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tutakwenda mwambani pamoja na watoto, tutatazama, na kuandika katika daftari.

Tulianza mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe. Asubuhi ukungu ulifunika vichwa vya vilima, na upepo wa kusi ulituuma masikio. Nyasi zilikuwa ndefu kupita mtu, nazo zimekwisha kugeuka rangi. Mbuyu ulikuwa ukipukutisha majani yake. Watoto walisimamisha kifimbo katika ufa wa mwamba, na saa sita mchana wakaweka jiwe dogo mahali kivuli kilipoishia. Kivuli kilianguka upande wa kusini, kwa kuwa mwezi wa Juni jua letu liko kaskazini.

Mwezi wa Julai mikorosho ilikuwa na maua, na harufu yake tamu ilitufikia juu ya mwamba. Mwezi wa Agosti tulikuta nchi nyeusi. Moto ulikuwa umepita katika nyasi, na mwewe walikuwa wakizunguka juu ya moshi ili kukamata panzi waliokimbia. Mwezi wa Septemba ulikuwa wa vumbi na joto. Mbuyu ulikuwa uchi, na miyombo mingi ilikuwa imekauka hata mtoto mmoja akasema, "Hii imekufa, baba, tuikate kuni." Tukamwambia angoje mwezi mmoja.

Hata Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tulistaajabu. Ile miti iliyokuwa kama imekufa ilikuwa imevaa majani mapya mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine kama divai. Wala tone la mvua halijaanguka tangu Mei. Siku chache baadaye majani yaligeuka kijani kibichi. Nyenze walipiga kelele mchana kutwa, na mbayuwayu walikuwa wamefika, wakiruka juu ya msitu. Karibu na tarehe 21 ya mwezi ule watoto walikwenda tena saa sita, wakarudi mbio wakisema kifimbo kimemeza kivuli chake. Ndivyo ilivyokuwa, maana siku hizo jua hupita juu ya utosi wetu.

Hapo kiburi kikatuingia. Tukaandika katika daftari kwa herufi kubwa: MVUA I KARIBU. Tulijiona wajuzi kwa sababu ya kurasa tano.

Katikati ya Novemba mvua ilinyesha usiku mmoja. Asubuhi udongo ulinukia, kumbikumbi waliruka kwa maelfu, na watoto wakawaokota ili wakaangwe. Vijidudu vyekundu, laini kama mahameli, vilitembea juu ya mchanga. Msitu wote ulikuwa wa kijani. Tukasema, ishara zote zimetimia. Mama watoto akatusihi tuweke nusu ya mbegu ndani. Tukamwonyesha daftari. Tukapanda debe lote kwa siku tatu.

Bibi mmoja jirani yetu alipita njiani na jembe begani. Tukamwamkia, naye akaitikia, kisha akauliza, "Mwalimu, umekwisha panda?"

Tukajibu, "Tumekwisha, bibi. Tazama msitu ulivyo."

Akautazama msitu kwa kitambo. Akasema, "Mti una kisima chake. Mahindi yako yana kisima gani?" Akaenda zake.

Mahindi yakaota, na furaha ilikuwa kubwa. Lakini tangu usiku ule mvua haikurudi kwa siku kumi na nane. Majani ya mahindi yalijikunja kama karatasi, yakawa ya rangi ya majivu, yakafa. Msitu pale juu uliendelea kuwa wa kijani, kana kwamba hapana jambo lililotokea. Mvua ya kweli ilifika katika juma la pili la Desemba, nasi hatukuwa na punje ya kupanda.

Tulikwenda kwa yule bibi, nasi twakiri ya kuwa njia ile ilikuwa ndefu kuliko ya mwambani. Hakutulaumu hata kidogo. Alitupimia pishi tatu, kisha akafuatana nasi mpaka shambani. Akapiga jembe mara mbili, akatia mkono katika shimo, akatwambia nasi tutie. Udongo ulikuwa na maji mpaka chini kabisa. Akasema, "Hii imenyesha. Ile ya kwanza ilikuja kubisha hodi tu. Ungalichimba ungaliona mbichi vidole vinne, na chini yake vumbi."

Pishi tatu hazikutosha shamba. Mwezi wa Machi, wakati jirani zetu walipokula mahindi mabichi, sisi tulinunua unga, na siku nyingine watoto walilala kwa uji mwepesi. Hilo nalo tuliliandika katika daftari, maana lilikuwa jambo la majira.

Baadaye tulitafuta maana ya neno la bibi, tukaona lilikuwa kweli tupu. Miyombo ina mizizi inayokwenda chini sana, na shina lake huweka maji. Kwa hiyo huweza kutoa majani majuma kadhaa kabla ya mvua, ili mvua ifikapo ikute majani yaliyokomaa, tayari kwa kazi. Ule wekundu ni rangi ya majani machanga, na wataalamu wengi hudhani huyakinga na ukali wa jua. Basi mti hautangazi mvua, watumia akiba yake. Punje ya hindi haina akiba ila ile iliyomo ndani ya ganda lake, nayo yatosha siku chache tu.

Mbayuwayu nao hutoka Ulaya na Asia, kwa kuwa huko baridi yaja na wadudu wa kuliwa wapungua. Kufika kwao kwatupa habari ya nchi zile zaidi ya habari ya mawingu yetu. Kumbikumbi huridhika na mvua moja iliyolainisha udongo, maana haja yao ni kutoka, kupata mwenzi, na kuchimba shimo. Jua ndilo lenye neno katika mvua, lakini mvua hulifuata nyuma kwa majuma mengi, wala si kwa kipimo kile kile kila mwaka. Kila kimoja kina saa yake na sababu yake. Kosa letu lilikuwa kuchukua saa ya mti tukaitumia kwa hindi.

Lakini hatukuacha kwenda mwambani. Mwezi wa Januari maji yalitiririka juu ya jiwe, na vile vimea vidogo vya mwambani, vilivyokuwa vikavu kama kamba kuukuu, vilirudi kuwa kijani. Kivuli cha kifimbo sasa kilianguka upande wa kaskazini, maana jua lilikuwa limetupita kwenda kusini. Karibu na tarehe 20 Februari jua lilirudi juu ya utosi, na kifimbo kikameza kivuli chake mara ya pili. Mwezi wa Machi vyura waliimba mabondeni, na mbuyu ulikuwa na majani tele. Mwezi wa Aprili mvua ilipungua, na mbayuwayu hatukuwaona tena. Mwezi wa Mei upepo wa kusi ulikuwa umeshika, na ncha za nyasi zilianza kukauka. Jumamosi ya kwanza ya Juni kivuli kilirudi kwenye lile jiwe dogo la mwanzo. Watoto wakapiga makofi. Sisi tulinyamaza, tukifikiri ya kuwa hapo ndipo tulipomaliza somo moja tu, nasi tulikuwa tumejipa cheo cha ujuzi tangu Oktoba.

Mwaka wa pili tulimsikiliza mama watoto. Mvua ya kwanza ilipofika tulichimba kwanza, tukakuta udongo mbichi mpaka kiwiko, tukapanda nusu ya mbegu. Nusu tuliiweka mpaka juma la pili la Desemba. Tena hatutaki mdhani ya kuwa mwenye kungoja hushinda siku zote. Mwaka ule mvua haikukatika. Mahindi ya kwanza yalizaa vizuri, na yale ya baadaye yalizaa machache. Tungalingoja na mbegu zote tungalipata hasara nyingine. Yule bibi naye hugawa mbegu zake hivyo hivyo kila mwaka, maana asema hajapata kuiona mvua ikiweka ahadi.

Basi, ninyi wenye nyumba, na ninyi walimu wenzetu, twawasihi mchague mahali pamoja karibu nanyi. Si lazima pawe pazuri. Panatosha mti mmoja, kijito, au kona ya uwanja wa shule. Nendeni siku ile ile kila mwezi pamoja na watoto, na kila mmoja aseme aliloliona. Simamisheni kifimbo, mpime kivuli. Ulizeni wazee waliolima hapo, na jina la kila mti mliandike kama wao wanavyoliita.

Tena fanyeni daftari lenu lisiwe kama letu la kwanza. Ukurasa wa kulia andikeni mliyoyaona kwa macho, na ukurasa wa kushoto mliyoyadhani. Katika daftari letu maneno yale ya Oktoba yameandikwa kati ya majani mekundu na mbayuwayu, kana kwamba tuliiona mvua yenyewe. Watoto walitaka kuyafuta. Tukawakataza. Yapo mpaka leo, na kila mwaka kabla ya kufungua debe la mbegu twayasoma kwa sauti, kisha twachukua jembe kwenda kuchimba.

Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, tutakwenda tena. Salaam kwenu nyote na watoto wenu.