Kitabu kilichokuja Funzi kwa Idd

WAHENGA walinena kwamba mficha uchi hazai. Mimi nimeuficha wangu kwa zaidi ya miaka kumi, na ningeendelea kuuficha lau si kitabu kimoja nilichokiona nyumbani kwa mama, kisiwani Funzi, Jumapili usiku baada ya Idd.

Kwa msomaji asiyepajua, Funzi ni kisiwa kidogo cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kusini ya Msambweni, karibu na mahali mto Ramisi unapoingia baharini. Ukitoka Likoni unaishika barabara ya Lunga Lunga, unazipita Ukunda na Msambweni, unaiacha lami na kushuka hadi Bodo, kisha unapanda mashua na kukata maji kandokando ya mikoko. Ni mahali pa kumsahaulisha mtu ofisi na madeni.

Idd hiyo iliangukia Jumamosi. Mdogo wangu wa mwisho, binti aliye mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja mjini Mombasa, alikuwa amefika Ijumaa alasiri. Jumapili usiku, wageni walipokwisha kuaga, nilimkuta amejiinamia kwenye taa ya sola akinakili hesabu za takwimu kutoka kitabu kinene. Nilipokiona kibandiko chekundu mgongoni mwa kitabu kile, moyo ulinipiga pa!

"Hiki si cha akiba?" nilimwuliza.

"Ndicho, kaka. Nilikichukua Ijumaa mchana. Kinatakiwa Jumatatu saa tatu asubuhi."

"Yaani kesho?"

Alimtazama mama kabla ya kunijibu. "Mama ataka nikae mpaka Jumatano. Nitalipa faini tu."

"Kitabu hakina miguu," mama akadakia. "Kitangoja. Mwanangu simwoni ila mara mbili kwa mwaka."

Yafaa hapa nimweleze msomaji kitabu cha akiba ni kitu gani. Katika maktaba za vyuo vikuu, vitabu vya kawaida huazimwa kwa wiki moja, mbili au zaidi. Lakini viko vile ambavyo mhadhiri amewaagiza wanafunzi wote wa somo lake wavisome. Ikiwa darasa lina watu mia na nakala ni tatu, watatu wa kwanza wangevibeba na waliobaki wangeambulia kusimuliwa. Kwa hiyo mhadhiri huipelekea maktaba orodha yake, na mkutubi huvitoa vitabu hivyo rafuni na kuviweka nyuma ya kaunta. Mwanafunzi huacha kitambulisho, akapewa kitabu kwa saa mbili hivi, akakisomea humo humo. Maktaba inapokaribia kufungwa, aghalabu huruhusiwa kwenda nacho, mradi akirudishe kufunguapo. Akichelewa, mara nyingi faini huhesabiwa kwa saa wala si kwa siku, na ndipo wengi hulalamika kwamba wakutubi wana roho ngumu.

Utaratibu huu si wa jana. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kikiwawekea wanafunzi vitabu vya masomo kando tangu miaka ya 1870. Kwetu Afrika Mashariki majina hutofautiana: wengine huita akiba, wengine mkopo wa muda mfupi. Majina ni mengi lakini shabaha ni moja, kwamba kitabu kichache kiwafikie watu wengi.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Mimi sikusoma chuo kikuu. Nina diploma ya uandishi wa habari, na chuo chetu nacho kilikuwa na kabati la akiba. Tuliaminiwa. Kabati lilikuwa wazi, na kila aliyechukua kitabu alijiandikia mwenyewe kwenye daftari. Kulikuwa na kitabu kimoja tu cha sheria za vyombo vya habari, nasi tulikuwa arobaini. Siku nne kabla ya mtihani nilikitoa bila kuandika, nikakipachika nyuma ya vitabu vya kilimo, pembeni ambako hakuna mwanafunzi wetu aliyekanyaga. Kila jioni nilikwenda huko kukisoma peke yangu, kama fisi aliyeficha mzoga.

Darasani alikuwapo dada mmoja ambaye mchana aliuza duka ili ajilipie karo. Maktaba aliijia jioni tu. Jioni mbili mfululizo alikitafuta kitabu kile, na ya pili akaniuliza kama nimekiona. Nilimjibu, tena bila kupepesa macho, kwamba sijakiona. Mtihani ule nilifaulu. Yeye aliurudia. Hakujua sababu, nami sikumwambia.

Kisa hicho niliwasimulia mama na mdogo wangu usiku ule. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote, hata mke wangu. Mdogo wangu alikifunga kitabu taratibu. Mama alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Na huyo mtoto wa watu, hukumwomba radhi?"

"Tulimaliza chuo, mama. Sikumwona tena."

Alivuta pumzi, akamgeukia binti yake. "Funga mizigo, mwanangu."

Lililobaki likawa ni maji. Idd huja na mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama huwa ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Kwetu siku hizo hujaa alfajiri, na ifikapo saa nne asubuhi yamekimbia, mashua zimekaa juu ya tope. Anayengoja chai na mahamri hufungwa kisiwani mpaka alasiri. Basi nilikwenda kubisha hodi kwa nahodha jirani yetu.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini usiku huu?"

"Twaomba utuvushe alfajiri. Mtoto ana kitabu cha watu."

Mzee hakuniuliza kitabu gani. Alisema tu, "Cha watu hakilazwi. Kuweni pwani mkishaswali."

Tulivuka giza halijatoka sawasawa, kitabu kimeviringishwa kwa leso ya mama na kutiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko kisije kikarushiwa maji. Bodo tulipanda bodaboda hadi barabarani, tukapata matatu mpaka Likoni, tukavuka kwa feri. Saa tatu kasorobo tulikuwa mbele ya kaunta ya maktaba.

Kijana mmoja alikuwa ametutangulia. "Hakijarudi bado?" tulimsikia akimwuliza karani, naye akajibiwa angoje hadi saa tatu. Mdogo wangu akaifungua ile leso. Karani akakikagua kitabu, akapiga muhuri, akampa yule kijana, naye akaenda kuketi dirishani akaanza kuandika. Hakutushukuru, na kwa nini atushukuru? Ilikuwa zamu yake.

Faini, ndugu msomaji, huilipa maktaba. Haimlipi aliyengoja. Hilo ndilo sikulielewa nilipokuwa kijana, na ndilo mdogo wangu alikuwa karibu kulisahau kwa raha za Idd.

Kwa wanafunzi nina machache ya kuwausia. Fika mapema asubuhi, huku jina la kitabu na namba yake umeshaviandika, usije ukazimaliza saa zako mbili ukitafuta. Nakili au piga picha kurasa unazozihitaji tu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haikupi ruhusa ya kujitolea nakala ya kitabu kizima upendavyo. Ukikwama njiani, ipigie maktaba simu kabla ya saa kufika, usingoje ipite. Na usidhani intaneti imeyamaliza haya. Viko vitabu vya kompyuta ambavyo maktaba imelipia msomaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukikiacha wazi ukaenda kulala, mwenzako anafungiwa mlango.

Nanyi wazazi, mtoto akiwaambia kwamba alichelewa kurudi kwa sababu ya zamu ya kitabu, msikimbilie kumshuku. Na akiwaambia kwamba hana budi kuondoka mapema kwa sababu ya kitabu, mfungieni chakula, mumwache aende.

Mwisho, kwako dada tuliyesoma pamoja. Huenda ukurasa huu ukakufikia Jumapili moja, popote ulipo. Kile kitabu kilikuwa nyuma ya vitabu vya kilimo, na aliyekificha ni mimi. Naomba radhi.